Butembo na Beni: Namna msamaha wa kodi kwa kampuni ya kigeni unavyogeuka deni la Leta

Mfanyabiashara wa Butembo anayevusha lori la bidhaa pale Kasindi analipa duane kulingana na sheria ya siku hiyo. Serikali ikibadilisha kiwango leo, kesho atalipa kiwango kipya, na akikataa lori lake linabaki pale pale. Kampuni ya kigeni iliyoingia nchini na karatasi ya msamaha wa kodi iko katika hali nyingine. Serikali ikiuondoa msamaha huo kabla ya muda wake, kampuni inaweza kuishtaki Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mbele ya waamuzi wanaokaa nje ya nchi. Kongo ikishindwa, hazina ya Leta ndiyo inayolipa, tena kwa dola.

Tofauti hiyo haitokani na upendeleo wa afisa fulani wa duane. Imeandikwa katika mikataba ya uwekezaji ambayo Kinshasa imetia sahihi na nchi za kigeni kwa zaidi ya miaka 50. Wengi wetu hatujawahi kuisoma, lakini inaamua ni makuta gani yatafika au hayatafika kwenye hazina ya taifa, ya jimbo na ya miji yetu.

Kwa wakaaji wa Beni na Butembo jambo hili si la mbali. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza mwaka 2025, Beni ndiyo makao ya muda ya uongozi wa Kivu ya Kaskazini, na jimbo linaendeshwa bila mapato ya sehemu zake nyingi. Wakati huohuo, Kinshasa inatafuta wawekezaji wapya kwa nguvu, na Marekani iko mbele katika orodha.

Ahadi iliyomo ndani ya sheria ya Kongo

Tuanzie nyumbani. Sheria ya uwekezaji ya Kongo, ile inayojulikana kama "code des investissements", ilitangazwa tarehe 21 mwezi wa pili mwaka 2002. Inagawa nchi katika sehemu tatu. Sehemu A ni Kinshasa, ambako kampuni iliyokubaliwa inapewa msamaha wa miaka 3. Sehemu B ni Kongo ya Chini pamoja na miji ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ambako msamaha ni wa miaka 4. Sehemu C ni majimbo mengine yote, Kivu ya Kaskazini ikiwemo, na huku msamaha unafika miaka 5.

Wazo lilikuwa rahisi kueleweka: mahali palipo mbali na penye shida nyingi panahitaji kivutio kikubwa zaidi. Kampuni inayopata kibali kupitia shirika la Leta la kuvutia uwekezaji, ANAPI, inasamehewa kodi ya faida kwa muda huo, pamoja na ushuru wa kuingiza mashine mpya. Ili kuingia katika utaratibu huo inapaswa kuleta mtaji wa angalau dola 200,000. Kuna utaratibu mwepesi zaidi kwa biashara ndogo na za kati zinazoanzia dola 10,000.

Kwa maandishi, sheria hiyo iko wazi kwa Mkongomani na kwa mgeni. Lakini haihusu biashara ya kununua na kuuza. Anayeleta vitenge, mabati au pikipiki kutoka Dubai au China na kuviuza Butembo hawezi kuomba msamaha huo, hata kama ameajiri watu 100. Kazi hiyo ndiyo iliyoujenga mji wa Butembo. Kwa hiyo kundi kubwa la walipa kodi wetu liko nje ya mlango tangu mwanzo.

Tofauti ya pili inaonekana ugomvi unapotokea. Sheria hiyo ya 2002 inamruhusu mwekezaji wa kigeni kuipeleka Leta mbele ya kituo cha Benki ya Dunia cha kutatua migogoro ya uwekezaji, CIRDI, chenye makao Washington. Kongo, ikiitwa bado Jamhuri ya Kidemokrasia kabla ya kuitwa Zaire, ilijiunga na kituo hicho mwaka 1970. Raia mwenye kampuni yake Butembo anabaki na mahakama za hapa nchini.

Mkataba unaongeza nini juu ya sheria

Bunge linaweza kubadilisha sheria. Mkataba kati ya nchi mbili hauwezi kubadilishwa na bunge la upande mmoja. Hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Kongo ilitia sahihi mkataba wa kulinda uwekezaji na Ujerumani mwaka 1969, na Uswisi na Ufaransa mwaka 1972, na Ubelgiji pamoja na Luxembourg mwaka 1976, na Marekani tarehe 3 mwezi wa nane mwaka 1984. Mingi inafanana: Leta inaahidi kumtendea mwekezaji wa upande wa pili kwa haki, kumpa ulinzi, kutomnyang'anya mali bila fidia, na kukubali kesi iamuliwe na watu wasio mahakimu wa Kongo. Vipengele vingine vinasema kwamba mazuri yanayopewa mwekezaji wa nchi moja yapewe pia yule wa nchi nyingine yenye mkataba. Mikataba kadhaa inaliweka suala la kodi pembeni, kabisa au kwa sehemu. Mingine haifanyi hivyo.

Ukiunganisha mkataba wa namna hiyo na msamaha wa kodi, tabia ya msamaha inabadilika. Waziri anapotia sahihi karatasi ya kuisamehe kampuni kodi kwa miaka kadhaa, kwa sheria ya ndani hiyo ni zawadi ambayo waziri atakayefuata anaweza kuichunguza na kuiondoa. Chini ya mkataba, karatasi hiyohiyo inaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya mali ya kampuni. Kuiondoa kunaweza kufananishwa na kuchukua mali ya mtu, na mali iliyochukuliwa inadai fidia.

Hiyo si nadharia ya vitabuni. Jirani yetu Burundi aliipitia.

Bujumbura: cheti kilichorudishwa kwa bei

Mwaka 1993, serikali ya Burundi ilitoa cheti cha eneo huru la kodi, "zone franche", kwa AFFIMET, kampuni ya madini ya thamani iliyokuwa na wenye hisa Wabelgiji, akiwemo Antoine Goetz. Kwa cheti hicho kampuni ilisamehewa kodi na ushuru. Mwezi wa tano mwaka 1995 serikali ilikiondoa. Wenye hisa hawakwenda mahakamani Bujumbura. Walitumia mkataba kati ya Burundi na Ubelgiji pamoja na Luxembourg, wakaenda CIRDI.

Uamuzi ulitoka tarehe 10 mwezi wa pili mwaka 1999. Waamuzi hawakusema kwamba Burundi haina haki ya kuondoa cheti. Walisema kuondoa huko kuna athari sawa na kunyang'anya mali, kwa hiyo Burundi ichague moja ndani ya miezi minne: ilipe fidia ya kutosha, au irudishe cheti. Burundi ilikuwa wakati huo katikati ya vita na vikwazo vya majirani. Iliishia kupatana na Wabelgiji hao, ikakubali kurudisha karibu dola milioni 3 na kuweka tena utaratibu wa eneo huru.

Kesi hiyo inafundishwa hadi leo kwa sababu ilihusu msamaha wenyewe. Hakuna aliyechoma kiwanda wala kumfukuza mtu nchini. Leta ilirudisha nyuma zawadi ya kodi iliyoitoa miaka miwili kabla, na bei ya kurudisha ikawa fedha za walipa kodi wengine.

Kinshasa: uporaji wa 1991 na 1993

Kongo nayo ina historia yake, na sehemu moja inagusa moja kwa moja eneo kama letu lisilo na usalama.

Mwezi wa tisa mwaka 1991, kisha mwezi wa kwanza mwaka 1993, wanajeshi wa Zaire waliingia mitaani Kinshasa na kupora. Watu wazima wanayakumbuka yale "mapillage". Kati ya sehemu zilizoporwa kulikuwa na kiwanda cha SINZA, kilichotengeneza betri. Kampuni ya Marekani, American Manufacturing & Trading, ilikuwa na 94 kwa mia ya hisa zake. Kampuni hiyo ilitumia mkataba wa 1984 na kwenda CIRDI.

Zaire ilijitetea kwamba wanajeshi hao hawakutumwa na Leta. Waamuzi hawakuona haja ya kuamua nani aliwatuma. Walisema mkataba unaidai Leta ilinde mali ya mwekezaji, haikuilinda, basi ilipe. Tarehe 21 mwezi wa pili mwaka 1997, miezi mitatu kabla ya Mobutu kuanguka, Zaire ilihukumiwa kulipa dola milioni 9.

Maduka ya Wakongomani yaliyokuwa katika mitaa hiyohiyo yaliporwa na wanajeshi haohao. Wenyewe hawakuwa na mkataba wa kushika.

Tulete hesabu hiyo Beni. Malori yamechomwa mara nyingi kwenye barabara ya Beni–Kasindi. Mashamba ya kakao katika sehemu za Beni na Mbau yameachwa kwa sababu ya ADF. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano mwaka 2021 tunaishi chini ya utawala wa kijeshi, ambao serikali ilisema unakuja kuleta usalama. Mkulima au mwenye lori anayepoteza mali yake anaweza kuandika mashtaka kwa mahakama ya hapa, na mara nyingi inaishia hapo. Kampuni ya Marekani itakayoweka kiwanda Beni kesho na kikachomwa, itakuwa na mkataba uleule wa 1984 mkononi, kwa maana ulianza kufanya kazi mwaka 1989 na bado uko hai. Kushinda si lazima ishinde, kwa kuwa waamuzi huangalia pia Leta ilifanya juhudi gani. Lakini itasikilizwa.

Hata pale mali ya raia wa Kongo iliyoharibiwa ilipofika mbele ya mahakama ya kimataifa, haikufika kwa mikono ya raia. Kesi dhidi ya Uganda kuhusu vita vya 1998 hadi 2003 ilifunguliwa na Leta, na mahakama ya La Haye iliamua tarehe 9 mwezi wa pili mwaka 2022 kwamba Uganda ilipe dola milioni 325. Kati ya hizo, milioni 40 ni za mali iliyoharibiwa. Kesi ilianza mwaka 1999. Raia alisubiri Leta idai kwa niaba yake, wakati kampuni yenye mkataba inadai yenyewe.

Kivu ya Kusini: kontra iliyoganda

Kuna ahadi nyingine ambazo haziko katika sheria wala katika mkataba wa nchi mbili, ila katika kontra kati ya Leta na kampuni moja. Mfano unaojulikana zaidi Kivu ni Banro, kampuni ya Kanada.

Kontra yake ya dhahabu ilitiwa sahihi tarehe 13 mwezi wa pili mwaka 1997, katika siku za mwisho za Mobutu. Laurent-Désiré Kabila aliifuta mwezi wa saba mwaka 1998. Banro ilikwenda CIRDI kupitia kampuni yake ndogo ya Marekani. Mwaka 2000 waamuzi walisema hawana uwezo wa kusikiliza, hasa kwa sababu kampuni mama ni ya Kanada na Kanada haikuwa mwanachama wa CIRDI wakati huo. Banro iliendelea na kesi katika mahakama za Marekani, mpaka serikali ya Joseph Kabila ilipopatana nayo mwezi wa nne mwaka 2002 na kuirudishia Twangiza, Kamituga, Lugushwa na Namoya.

Kontra ya 1997 ilirudi pamoja na ahadi zake, ikiwemo miaka 10 ya msamaha wa kodi kuanzia siku mgodi unapoanza kuzalisha kibiashara. Twangiza ilifika hatua hiyo mwaka 2012. Kwa hiyo msamaha ulioahidiwa na serikali iliyokwisha kuanguka ulianza kuhesabiwa miaka 15 baadaye, mbele ya watu ambao hawakuwa na sauti wakati ulipotolewa. Mwishoni mwa 2017 kampuni iliomba kinga dhidi ya wadai wake kwa sababu ya madeni, na mwaka 2019 kazi ilisimama. Faida ambayo ingekuja baada ya msamaha kwisha haikuonekana.

Jambo la kuangalia katika historia hiyo ni kwamba Banro haikushinda kesi CIRDI. Ilichopata ilikipata mezani. Nchi iliyotoka vitani na inayotafuta kurudi katika uhusiano mzuri na wakopeshaji haitaki kesi ya mamilioni ya dola juu ya kichwa chake. Mara nyingi mkataba au kontra hufanya kazi hivyo: kitisho kinatosha.

Sheria ya madini ya 2018: Leta inaweza kubadilisha?

Inaweza, ila inalipia muda. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilikuwa na kifungu cha 276 kilichoahidi kwamba sheria ikibadilishwa, kampuni zilizopo hazitaguswa na viwango vipya vya kodi na duane kwa miaka 10. Serikali ilipotaka kuongeza mapato, wakubwa wa kampuni za madini, zikiwemo Glencore na Randgold, walikuja Kinshasa kukutana na Rais Kabila tarehe 7 mwezi wa tatu mwaka 2018 kupinga. Kampuni ziliionya serikali hadharani kwamba zingeweza kwenda mbele ya waamuzi wa kimataifa.

Siku mbili baadaye, tarehe 9, Kabila alitia sahihi sheria mpya. Mrabaha wa dhahabu ulipanda kutoka 2.5 kwa mia hadi 3.5 kwa mia. Wa shaba ulitoka 2 kwa mia hadi 3.5. Kobalti ilitangazwa madini ya kimkakati mwishoni mwa mwaka huo, mrabaha wake ukaruka kutoka 2 hadi 10 kwa mia. Ahadi ya kutobadilisha mambo ilipunguzwa kutoka miaka 10 hadi 5.

Wakaaji wa majimbo wana sababu ya kufuatilia jambo hilo. Kati ya mrabaha wa madini, 25 kwa mia ni ya jimbo, na 15 kwa mia ni ya cheferi, sekta au komini ambamo mgodi uko. Kiwango kinapogandishwa Kinshasa kwa ajili ya kampuni, sehemu ya cheferi nayo inaganda, na mwami wa cheferi hakuwepo mezani.

Tanzania ililipa

Anayefikiri kitisho ni maneno matupu aangalie Tanzania. Mwaka 2017 nchi hiyo ilibadilisha sheria zake za madini, na mwanzoni mwa 2018 ikafuta leseni za aina fulani, zile za kushikilia eneo kabla ya kuchimba. Kampuni tatu zilizokuwa na leseni hizo zilikwenda CIRDI, zikitumia mikataba ya Tanzania na Kanada na Uingereza. Winshear ilipatana kwa dola milioni 30 mwaka 2023. Indiana Resources na wenzake walishinda zaidi ya dola milioni 109 mwezi wa saba mwaka huohuo, wakakubali milioni 90 mwaka 2024. Montero ilipatana kwa milioni 27 mwishoni mwa 2024. Jumla ni dola milioni 147 kwa migodi ambayo haikuwahi kutoa hata gramu moja ya madini sokoni.

Lakini Leta haishindwi kila siku. Kenya ilifuta leseni ya Cortec katika kilima cha Mrima, Kwale. Mwaka 2018 waamuzi waliikataa kesi ya kampuni hiyo, kwa sababu leseni ilitolewa bila kufuata sheria ya mazingira ya Kenya. Mkataba, walisema, haulindi uwekezaji ulioingia kinyume cha sheria. Kongo nayo iliwahi kupona: uamuzi wa mwaka 2004 wa kumlipa Mmarekani Patrick Mitchell dola 750,000, baada ya ofisi yake ya uavoka Kinshasa kufungwa na wanajeshi mwaka 1999, ulifutwa mwaka 2006.

Kesi ya Mrima ina funzo kwa ofisi zetu. Daftari la jimbo au la huduma ya mazingira likiwa safi, likionyesha kampuni ilipewa nini, lini, na ilitimiza nini, linaweza kuokoa mamilioni. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Je, misamaha inaleta wawekezaji?

Mtetezi wa mikataba hii atauliza swali la haki: bila ulinzi, nani ataleta fedha zake Beni? Mahali ambapo sheria inabadilika ovyo na mahakama haiaminiki, mgeni anataka uhakika. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu ya mikataba kuwepo.

Lakini hapo ndipo hesabu ya Kinshasa inapoleta shaka. Kama mkataba tayari unampa mwekezaji uhakika, msamaha wa kodi ungepaswa kupungua, kwa sababu hatari yake imepungua. Sisi tunatoa vyote viwili: tunampa ulinzi dhidi ya hatari, kisha tunamlipa tena kwa kukubali hatari hiyo.

Uchunguzi uliokusanywa na Benki ya Dunia na kuchapishwa mwaka 2013 uliwauliza wawekezaji wa nchi za jirani kama wangekuja hata bila misamaha ya kodi. Waliojibu ndiyo walikuwa 98 kwa mia Rwanda, 93 Uganda, 91 Tanzania, 77 Burundi na 61 Kenya. Wengi, kwa hiyo, walipewa zawadi ya kuja mahali walipokuwa wameshaamua kuja.

Na Butembo wenyewe ni ushahidi. Wafanyabiashara wa hapa walijenga maghala, hoteli na majumba ya biashara bila mkataba wowote wa kimataifa, na katika miaka ya vita walichangishana kutengeneza barabara ambazo Leta iliziacha. Walichokosa si msamaha wa miaka 5. Ni barabara, umeme na usalama, vitu vinavyolipwa kwa kodi ambayo wengine wamesamehewa.

Mikataba iliyo njiani

Mambo matatu yanapaswa kufuatiliwa kuanzia sasa.

La kwanza ni barabara. Mpango uliozinduliwa mwezi wa sita mwaka 2021 na marais Tshisekedi na Museveni pale Mpondwe na Kasindi unahusu kilomita 223: Kasindi–Beni kilomita 80, Beni–Butembo kilomita 54, na Bunagana–Rutshuru–Goma kilomita 89. Gharama iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 334.5. Kila Leta ingetoa 20 kwa mia, na kampuni ya Uganda, Dott Services, ingetafuta 60 kwa mia na kujilipa kupitia pesa za péage. Kila anayepita na lori atailipia barabara hiyo. Ana haki ya kujua kontra inasema nini juu ya kodi za kampuni, juu ya viwango vya péage, na ni waamuzi gani watasikiliza ugomvi.

La pili ni Rwanda. Tarehe 26 mwezi wa sita mwaka 2021, pale Goma, Kinshasa na Kigali walitia sahihi mkataba wa kulinda uwekezaji, pamoja na ule wa kuzuia kodi mara mbili na mapatano ya dhahabu kati ya SAKIMA na kampuni ya Rwanda, Dither. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 15 mwezi wa sita mwaka 2022, baraza kuu la ulinzi liliomba mapatano yote na Rwanda yasimamishwe kwa sababu ya M23. Mazungumzo ya amani yanayoendelea sasa yana sehemu ya uchumi ndani yake, na mkataba uliosimamishwa unaweza kuamshwa.

La tatu ni Washington. Tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2025, Kongo na Marekani zilitia sahihi ushirikiano wa kimkakati unaohusu hasa madini. Kampuni zitakazokuja chini yake hazitaanza na karatasi tupu, kwa sababu mkataba wa 1984 ulioilipisha Zaire dola milioni 9 unazisubiri.

Nini kinaweza kudaiwa

Nchi nyingine zimeonyesha kwamba maneno ya mikataba yanaweza kuandikwa upya. Afrika ya Kusini iliacha mikataba yake kadhaa ya zamani na kuweka sheria yake mwaka 2015. Tanzania ilivunja mkataba wake na Uholanzi. SADC, ambayo Kongo ni mwanachama, ilirekebisha kanuni zake za uwekezaji mwaka 2016 na kuondoa ruhusa ya kampuni kuishtaki Leta moja kwa moja nje ya nchi.

Wabunge wa Beni, Butembo, Lubero na Oicha hawahitaji kungoja mageuzi makubwa kama hayo. Wanaweza kudai kwamba kila msamaha unaozidi miaka 5 upite bungeni na uandikwe pamoja na kiasi cha makuta ambayo jimbo na miji vitapoteza. Wanaweza kudai kwamba karatasi ya msamaha ieleze wazi masharti ambayo kampuni ikiyavunja, msamaha unakwisha bila fidia: kuajiri, kulipa, kujenga, kuheshimu mazingira. Waamuzi wa Mrima walionyesha kwamba sharti lililoandikwa linaheshimiwa. Na mashirika ya raia pamoja na FEC ya Butembo wanaweza kuomba kwamba mikataba ambayo bado haijaidhinishwa isomwe hadharani, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kabla ya kura.

Kuidhinisha mkataba ni kazi ya bunge. Baada ya hapo, hakuna mbunge, gavana wala meya anayeweza kuubadilisha peke yake, na waamuzi hawataiuliza Beni ilitaka nini.